Lango la Ithibati na Beseni Lisilo Jina

Atakaye kusikia na asogee. Asiyetaka, asiwazibe wenzake masikio. Nchi yenyewe inaitwa Ithibati. Namna Bi Mashavu binti Kombo alivyofika huko hatutaihangaikia, maana vumbi la njiani ni lile lile popote uendapo. Linalotuhusu ni alichokikuta mpakani.

Alikuta Lango. Lilikuwa la mbao nyeusi, refu kupita nyumba zote za nchi ile, na katikati yake lilichomekwa baragumu la shaba. Kwa baragumu hilo Lango lilisema lenyewe, bila mtu nyuma yake, kwa sauti ya mtu mzima aliyeamka na mafua. Hakuna aliyeingia Ithibati kufanya kazi ila kwanza asimame mbele ya Lango, ataje jina lake, kisha ataje vyombo alivyobeba, kimoja kimoja: ni chombo cha nini, na kinaitwaje. Huko kila chombo kina jina, kama mtoto. Mtungi wa maji, jina lake Kiu. Kikapu cha nazi, jina lake Mchuzi. Ukishaingia, msimamizi wa ghala huliita jina la chombo chako, na mpakuaji hutia humo kile ulichokitaja Langoni, wala hathubutu kutia kingine.

Mbele ya Mashavu kwenye foleni alisimama bwana mmoja mnene, kanzu yake imepigwa pasi, mabegani kabeba mitungi miwili. Mgongoni alikuwa amefungwa kibao chenye maandishi makubwa: JINA LIMERUDIWA. Mashavu alidhani bwana yule amefanyiwa mzaha na watoto, akataka kumwambia. Kabla hajafungua mdomo, bwana yule alishafika mbele.

"Naitwa Faki," alisema. "Mtungi wa maji, jina lake Kiu. Na mtungi wa mafuta, jina lake Kiu."

Baragumu likakohoa. "Jina limerudiwa! Mtungi wa pili umechukua jina la wa kwanza. Rudi!"

Hapo karani aliyeketi pembeni akasoma kibao mgongoni, akaitikia kwa kichwa kuridhika, akapiga ngoma ndogo. Watu wakashangilia. Bwana aliyefukuzwa akageuka na kuinama kushoto na kulia, uso wote meno.

"Pole, kaka," Mashavu alimwambia.

"Pole ya nini, bibi?"

"Si umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa vizuri mno! Hukusikia? Neno kwa neno!" Faki alishusha mitungi, akajifuta jasho, akamweleza. Yeye alikuwa Mkosaji wa Serikali. Kila asubuhi, kabla wenye kazi zao hawajapita, wakosaji wa serikali walikwenda Langoni na makosa yaliyotengenezwa kwa makusudi: chombo kisicho jina, chombo kisicho aina, vyombo viwili vya jina moja. Mgongoni walibandikwa maneno ambayo Lango lilipaswa kusema, mahali ambapo Lango haliwezi kuyaona. Lango likiyasema, hupigwa ngoma ndogo, ya heri. Lango likinyamaza au likisema mengine, hupigwa ngoma kubwa, na hapo Lango ni mgonjwa. Hufungwa, halimfungulii mtu, mpaka mafundi walitibu.

"Na hiyo kubwa huwa inalia lini?" aliuliza Mashavu.

"Sijawahi kuisikia," alisema Faki kwa fahari. "Kukosea ni kazi, bibi. Mtu wa mitaani hukosea ovyo. Mimi nakosea sawasawa."

Mashavu aliona wazimu una namna nyingi, na wa huyu angalau ulikuwa na mpango. Ikafika zamu yake. Alitaja jina lake. Ndani ya Lango kukasikika kama kurasa zinapekuliwa, kisha kitu kikaanguka: *tak*.

"Asiye jina," lilisema Lango. "Pita."

"Nimekwambia naitwa—"

"Asiye jina. Pita."

Akapita na debe lake la bati, ambalo hakuna aliyemuuliza ni la nini wala linaitwaje. Alifurahi, kwa kweli. Nani asiyefurahi kupita bila maswali?

Huko ndani alielewa. Ambaye jina lake halikuwamo katika daftari la nchi alikuwa Asiye Jina, na watu wa namna hiyo walikuwa wengi. Waliingia kwa kazi moja, wakaimaliza, wakaondoka. Wao ndio waliokanda mkate wa mji mzima, wao ndio waliopaka kuta chokaa, wao ndio waliobeba maji. Wenyeji waliwaita "wewe", na wakitaka wawili, "wewe na wewe". Mashavu alionyeshwa mtaa wao, akapata chumba kwa mwanamke mmoja aliyempokea kwa uji wa pilipili manga na maneno machache.

Mwanamke huyo alimpa bakuli kwa viganja vilivyokunjamana na kung'aa, kama nailoni iliyopitiwa na pasi ya moto. Mashavu alijaribu kutoangalia. Akaangalia.

"Uliza tu, dada," alisema mwenyeji wake. "Macho yako yameshauliza."

Kwao, ng'ambo ya mpaka, aliitwa Raya. Msimu wa mkate wa mwaka uliopita alikuja na beseni kukanda unga. Langoni hakuulizwa neno. Ghalani msimamizi alitafuta jina la beseni lake ili aliite, asilione, na desturi ya ghala ni kwamba chombo kisicho jina hutiwa kilicho karibu. Siku hiyo kilichokuwa karibu ni chokaa iliyotoka tanuruni, haijazimwa, ile ichemkayo ikitiwa maji. Chokaa ni nyeupe, unga ni mweupe. Raya alimimina maji, akatia mikono yote miwili akande.

Mashavu aliweka bakuli chini.

"Ulijua kuna sheria ya majina ya vyombo?"

"Ningejuaje? Lango ndilo hufundisha watu sheria, kwa kuwafukuza. Mimi halijanifukuza hata siku moja." Raya alikunja viganja vyake mapajani. "Na sasa mwanangu Mize yuko njiani anakuja. Msimu unafunguliwa wiki hii. Nimetuma salamu kwetu asije, nimeambiwa ameshatoka. Ana beseni jipya, nimeambiwa. Analionyesha kila mtu."

Usiku ule Mashavu hakulala vizuri, na hasira ndiyo iliyomkeshesha. Asubuhi alimfuata Faki nyumbani kwake, akamkuta anafanya mazoezi ya kukosea mbele ya kioo. Alimsimulia yote. Faki alianza kwa kucheka, akaendelea kwa kubisha, akaishia kukaa kitako juu ya mtungi.

"Beseni lisilo jina nimelijaribu mimi mwenyewe," alisema polepole. "Mara nyingi tu. Lango halijanipitisha hata mara moja."

"Ulilitaja jina lako kwanza?"

"Bila shaka nilita..." Alimtazama Mashavu kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Twende Barazani."

Baraza la Lango lilikuwa na wajumbe kumi na mmoja na viti kumi, kwa sababu mjumbe mmoja siku zote alipaswa kuwa amesimama akizungumza. Mkuu wake alikuwa Mheshimiwa Ngwali, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Juu ya kiti chake paliandikwa kwa rangi ya dhahabu: LANGO HALIJAKOSEA TANGU LIJENGWE.

"Hilo la beseni lisilo jina tumelijaribu," alisema Mheshimiwa. "Faki, si wewe ulilibeba?"

"Nililibeba, Mheshimiwa, na Lango likanifukuza vizuri sana."

"Basi?"

"Basi mimi nina jina, Mheshimiwa. Nauliza, wasio na jina nani amewajaribia?"

Wajumbe walitazamana. Aliyesimama akasema kwamba Asiye Jina huja kwa kazi moja na kwenda zake, na kumhoji juu ya vyombo ni kumsumbua bure; Baraza lilikuwa limemwonea huruma. Mashavu alimwuliza kama angependa kutoka nje kidogo akaitazame mikono iliyoonewa huruma. Hakupenda.

Mzee mmoja aliomba kusimama, akamtoa mwenzake. Yeye aliona shida yote imeletwa na mambo ya kisasa. Zamani za babu zao mtu alitaja majina ya vyombo tu Langoni, na aina akaitaja baadaye, akishaketi barazani na kupewa kahawa. Na nchi haikuanguka. Mwenzake akasema kwamba kahawa ilikuwa inatolewa baada ya kutaja aina, si kabla. Mzee akaapa kwamba ni kabla. Suala hilo la kahawa lilijadiliwa kwa kina hadi adhuhuri, na ingekuwa si njaa lingejadiliwa hadi leo.

"Mheshimiwa," Mashavu alisema walipochoka, "jaribuni tu. Mtu asiye jina, beseni lisilo jina. Likimfukuza, mimi nitaomba radhi na kuondoka."

"Na lisipomfukuza?" Mheshimiwa Ngwali aliinua macho kwenye maandishi ya dhahabu, na kwa mara ya kwanza Mashavu aliona kwamba mtu yule anaogopa. "Bi mgeni, watu hulala usingizi kwa sababu ya maneno yale."

"Mficha maradhi, Mheshimiwa, kifo humuumbua."

Basi likazuka jingine. Sheria ilitaka Mkosaji wa Serikali awe raia mwenye jina. Faki hakuweza kulivua jina lake. Lilikuwa limeshonwa hata kwenye kanzu. Mashavu alijitolea. Mheshimiwa akasema kwa upole kwamba mgeni akipita, watu watasema Lango lilimstahi mgeni.

"Nitakwenda mimi," ilisema sauti mlangoni.

Raya alikuwa amesimama kizingitini, pasipo ruhusa, mikono imefichwa ndani ya khanga. Mjumbe mmoja alimhurumia kidogo, akasema kwamba pengine hili lingetatuliwa kwa kumpa mama huyu jina katika daftari, likaisha.

"Jina ninalo, baba," Raya alimjibu. "Nimeliacha kwetu, na huko linatumika. Silihitaji kwenye baragumu lenu. Nimekuja kwa kazi moja na nitakwenda zangu. Ninachotaka ni beseni langu liulizwe."

Ndipo Faki akakohoa. "Sheria haimtaji kabisa Asiye Jina," alisema. "Na kama haimtaji, Waheshimiwa, haimkatazi."

Alasiri ile ile walimtoa Raya kwa mlango mdogo wa pembeni, wakamfunga kibao mgongoni. Faki mwenyewe ndiye aliyekiandika, kwa mkono wake mzuri: BESENI HALINA JINA. Watu walijaa. Mashavu alisimama ndani pamoja na Mheshimiwa, akiwa amejishika shingo.

"Nimekuja kukanda," alisema Raya mbele ya Lango. "Nina beseni la unga."

*Tak*.

"Asiye jina. Pita."

Raya akapita. Alipowapa watu mgongo wake, kila mwenye macho aliyasoma maneno ambayo Lango halikuyasema. Karani alikishika kirungu cha ngoma kubwa, akamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa Ngwali akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Karani akakirudisha kirungu polepole mahali pake.

Sasa, Faki alikuwa mtu wa kupenda sifa, sitamtetea. Alipenda kanzu yake, alipenda kushangiliwa, na kwa jambo lile alijua atapoteza vyote viwili. Alimpita karani, akakitwaa kirungu, akaipiga ngoma kubwa kwa nguvu zake zote mpaka vumbi la miaka likamwagika kutoka kwenye ngozi ya ngoma. Watoto wakaanza kulia. Wazee waliokuwa hawajawahi kuisikia walitambua ni nini.

Lango likafungwa. Na kwa kuwa sheria ya ugonjwa haichagui, halikumfungulia mwenye jina wala asiye nalo. Wakandaji waliokuwamo muda wao ukaisha, wengine hawakuingia, na mkate ukaadimika. Mheshimiwa Ngwali alikula muhogo, akasema ni mtamu. Mafundi walilifungua Lango tumboni, na walichokikuta kilikuwa kidogo hata kikawaudhi. Hapakuwa na hila wala hujuma. Lango lilikuwa na masikio mawili: moja la kusikia majina ya watu na la pili, nyuma yake, la kusikia vyombo. Kati yao palikuwa na komeo la mti. Jina lisipopatikana, komeo lilianguka, *tak*, na kuliziba sikio la pili. Aliyelijenga Lango hakuwachukia wasio na jina. Hakuwakumbuka tu.

Mafundi walilihamisha komeo. Lakini sheria ilisema kwamba Lango lililotibiwa halifunguliwi mpaka aliyelipita kwa kosa alirudie kwa kosa lile lile. Raya alikuwa tayari. Asubuhi ya kufungua msimu, akiwa bado anatafutiwa kibao chake, Mheshimiwa Ngwali alitazama foleni iliyokusanyika nje, akatazama muhogo wake, akaamuru foleni iende. "Mafundi wamesema limepona," alisema. "Tujaribu baadaye."

Raya alichungulia kwenye upenyo wa ukuta. Akashika mkono wa Mashavu kwa viganja vyake vigumu.

"Yule wa kwanza," alisema. "Mwenye beseni la buluu. Ni Mize."

Msichana alikuwa na umri wa kutosha kujiamini na si zaidi. Alilishika beseni lake kifuani, limesuguliwa likang'aa. Kumpa maneno aliye mbele ya Lango lilikuwa kosa kubwa nchini Ithibati, kwa mwenye jina na kwa asiye nalo. Hata ukimwita tu, aliyeitwa hurudishwa asiingie tena kabisa. Raya aliziba mdomo wake kwa khanga.

"Faki!" alisema Mashavu. "Lile komeo. Hakuna anayejua kama sikio linasikia."

Faki alikuwa ameshatoka kwa mlango wa pembeni, kanzu ameipandisha magotini, kibao cha Raya mkononi. Mize alihisi mtu mnene anamfunga kitu mgongoni.

"We mzee, una nini?" aling'aka.

Faki alifunga fundo, akarudi nyuma, akanyamaza kama sheria ilivyotaka. Hakuna aliyempa msichana neno hata moja. Walimpa kibao tu, na kibao kilikuwa mgongoni, ambako Lango likikosea kila mtu angekisoma.

"Nimekuja kukanda," Mize aliliambia Lango, bado amenuna. "Nina beseni la unga."

Ndani kukapekuliwa. Kukapekuliwa tena. Mashavu alingoja ile *tak*, na hakuisikia, na hakujua kama ni heri au ni shari. Baragumu likakohoa.

"Asiye jina," lilisema Lango. Kisha likavuta pumzi ambayo halikuwahi kuivuta. "Beseni halina jina. Rudi!"

Ngoma ndogo ikalia. Karani alikuwa ameipiga bila kumtazama mtu. Kelele zilizofuata ziliwatisha kunguru wote wa ukutani, na katikati yake alisimama Mize, kafukuzwa mbele za watu, kalikumbatia beseni lake, machozi yanamtoka. Hakuelewa wanashangilia nini. Juu ya ukuta alimwona mwanamke amepanda kwenye pipa, khanga imemwanguka, anapunga mikono yote miwili hewani.

"Umefukuzwa, mwanangu!" Raya alikuwa anapiga kelele, analia na kucheka, maana aliyekwisha kufukuzwa huruhusiwa kusemeshwa. "Umefukuzwa! Alhamdulillahi! Lipe jina beseni lako urudi!"

"Jina gani, mama? Ni beseni!"

"Lolote!"

Mize alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. Alikuwa ametembea siku nyingi, amefungwa ubao na mzee asiyemjua, amefukuzwa na mlango. Alirudi mbele ya Lango kwa hatua za kukanyaga.

"Beseni la unga," alisema. "Jina lake Usumbufu."

"Asiye jina," lilisema Lango bila kutabasamu. "Beseni la unga, jina lake Usumbufu. Pita."

Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Mheshimiwa Ngwali naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo, kisha akaagiza fundi wa rangi aje na ngazi. Maandishi ya dhahabu juu ya kiti chake yalifutwa siku hiyo, na Baraza likaanza kujadili ya kuandika badala yake. Mashavu alipoondoka nchini walikuwa wamefikia kukubaliana juu ya rangi. Faki alipewa onyo kwa kupiga ngoma isiyo yake, na kazi mpya ya kuwafunza wakosaji wasio na jina, ambao sasa walikuwa wakitafutwa mji mzima kwa heshima.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile Raya alikataa kuondoka nje ya ghala. Alisimama hapo na Mashavu tangu asubuhi, akisikia msimamizi akiita, "Usumbufu! Unga!" na mpakuaji akiitikia, na hakusadiki, kwa kuwa masikio yake hayakuwa na sababu ya kuisadiki nchi ile. Jua lilipoanza kupoa wakandaji walitoka. Mize alikuja akijinyoosha mgongo, mikono yake imegeuka myeupe mpaka viwikoni.

Raya alipauka. Alimdaka mikono yote miwili, akamvuta hadi kwenye pipa la maji, akasita, akaogopa hata maji. Kisha akaanza kusugua kwa kidole gumba, taratibu, kutoka kwenye kiganja kwenda juu. Weupe ukatoka kama ukoko mwembamba. Chini yake ngozi ilikuwa laini na ya joto, na ilinuka hamira.

"Mama," alisema Mize, "unanitekenya. Ni unga tu."

"Najua," alisema Raya, na akaendelea kusugua.